Dimbwi Kavu Si Dimbwi Tupu

Septemba iliyopita nilikuwa nyumbani Mafia kwa shughuli za kifamilia, nikaitwa kuhudhuria mkutano wa kijiji ambamo wataalamu kutoka bara walikuja kuwasilisha tathmini ya athari za mradi mmoja wa ujenzi kwa mazingira. Sitautaja mradi wala kampuni, kwa kuwa hoja yangu haiwahusu wao peke yao. Ningeweza kuchagua mradi mwingine na maneno yangebaki yaleyale. Mtaalamu alifungua ukurasa unaohusu viumbe wa majini, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuusoma ukurasa huo mahali pengi, kwamba eneo lililopendekezwa lina bonde dogo lisilo na maji, na kwa sababu hiyo halina samaki. Nikanyoosha mkono nikauliza: mlifika lini kulitazama bonde hilo? Akanijibu kwa adabu kwamba walifika mwezi wa nane, njia zikiwa zinapitika.

Wazee waliguna. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Ndugu msomaji, bonde lile nalijua. Nilipokuwa mtoto, masika yakishakolea, lilijaa maji ya rangi ya chai, nasi tulikuwa tukiingia na vipande vya chandarua kibovu kuvua visamaki visivyozidi urefu wa kidole. Madume walikuwa na rangi za kung'aa kama kanga mpya, majike wa kijivu wasio na makuu. Hawakuliwa. Tuliwatia katika chupa, wakafa, tukawasahau. Ikifika kiangazi bonde lilikauka, likapasuka nyufa, mbuzi wakapita juu yake. Mvua zikirudi, samaki nao walirudi, na hakuna mtoto aliyejiuliza walitoka wapi, kwa kuwa hapana mto unaoingia pale wala kijito kinachotoka.

Nilipata jibu nikiwa mtu mzima, mbali na kisiwa changu, katika maktaba ya chuo. Visamaki vile vina jina katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1973 Mjerumani Hermann Meinken alimweleza samaki wa Mafia akamwita Nothobranchius korthausae, kwa heshima ya Bi. Edith Korthaus. Unguja wana ndugu yake, Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa tangu mwaka 1893. Ni samaki wa madimbwi ya msimu. Hutaga mayai katika tope, na dimbwi likikauka wazazi hufa wote, asibaki hata mmoja. Mayai hubaki ardhini, hai, katika usingizi ambao wanasayansi wameugawa katika hatua tatu. Kiinitete husimama, hupunguza matumizi ya nguvu zake hadi karibu na hakuna, na hungoja. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyo tayari huanguliwa. Mengine hubaki usingizini makusudi, kana kwamba yanajua kuwa mvua ya kwanza huenda ikawa ya kudanganya. Mkulima wa mpunga aliyewahi kupanda mbegu zake zote kwa mvua ya mapema ataielewa hekima hiyo bila kufundishwa.

Kwa hiyo bonde alilolikagua mtaalamu mwezi wa nane halikuwa tupu. Lilikuwa limejaa samaki ambao bado hawajazaliwa. Alisimama juu yao kwa viatu vyake akaandika kwamba hawapo.

Naomba nieleweke. Simlaumu kwa kukosa macho ya kuona ndani ya udongo. Namlaumu, pamoja na sheria zetu, vyuo vyetu na mimi mwenyewe miongoni mwao, kwa kurithi dhana moja ya samaki na kuitumia kila mahali pasipo kuuliza ilitoka wapi. Na dhana hiyo ina historia ambayo inafaa kusimuliwa.

Mwaka 1938 mwanabiolojia wa Austria, Ludwig von Bertalanffy, alichapisha mlinganyo wa ukuaji wa viumbe. Ni mlinganyo mzuri, nami huufundisha kila mwaka. Unahitaji namba tatu tu: urefu ambao samaki wa aina fulani huukaribia bila kuupita, kasi anayoukaribia nayo, na umri wa kubuni ambao urefu wake ungekuwa sifuri. Ukizipata, unachora mstari unaopanda haraka ujanani kisha unalala taratibu uzeeni. Mwaka 1957 Waingereza Raymond Beverton na Sidney Holt waliuweka mlinganyo huo katikati ya nadharia yao ya uvuvi, na tangu hapo imewezekana kukadiria samaki avuliwe akiwa na umri gani ili ziwa au bahari itoe mavuno mengi bila kuharibika. Katika nchi za baridi umri husomwa kwenye vijiwe vya masikio ya samaki, ambavyo huweka pete kila mwaka kama shina la mti. Huku kwetu, ambako hakuna majira ya barafu ya kuziacha pete hizo wazi, Daniel Pauly na wenzake katika miaka ya 1980 walieneza njia ya kukadiria ukuaji kwa kupima urefu wa samaki wengi mwezi hadi mwezi na kufuatilia makundi yao yanavyosogea. Wanafunzi wangu wengi wameandika tasnifu kwa njia hiyo. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na saa ya modeli hiyo. Saa huanza kuhesabu samaki akiwa anaogelea. Kwa sangara wa Ziwa Victoria jambo hilo halina madhara, kwani yai lake huanguliwa upesi mno na maisha yake huhesabiwa kwa miaka. Kwa samaki wa dimbwi, mambo yamepinduka. Muda wa kuogelea ni miezi michache, na muda wa kulala ndani ya yai waweza kuuzidi. Ukimpima kwa saa ya sangara, unapima kipande kifupi cha maisha yake na kukiita maisha yote. Kisha unakuja mwezi wa nane na kusema hayupo.

Sheria zetu za samaki zimelelewa na saa hiyohiyo. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alichunguza uvuvi wa Ziwa Victoria, na katika ripoti yake ya mwaka 1929 alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wapate kukua na kuzaa kabla ya kunaswa. Tangu siku ile, kuhifadhi samaki katika Afrika Mashariki kumekuwa na maana ya kumpima urefu. Kwa miaka mingi sangara halali alikuwa mwenye sentimita 50 hadi 85, na sato asiyefika 25 ni kosa. Juni 2018 rula hiyo iliingia hadi katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, maofisa wa uvuvi wakawapima samaki waliokwisha kupikwa, na mgahawa ukatozwa faini. Nchi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikanyamaza, kwa sababu niliona tumefika mwisho wa njia iliyoanza na Graham. Dola iliweza kumpima samaki akiwa juu ya sahani, lakini haikuwa na desturi ya kupima maji aliyotoka.

Na yaliyompata ngege ni funzo ambalo tumelipita mbio. Sheria ya matundu ilianza kuondolewa katika miaka ya 1950, nyavu ndogo zikaingia, wakapandikizwa samaki wageni, na hatimaye ngege akakaribia kutoweka katika ziwa kuu. Alinusurika wapi? Katika vijiziwa vya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, vilivyozingirwa na mafunjo, ambavyo hakuna waziri aliyewahi kuvitembelea kwa boti. Maji madogo yaliyodharauliwa ndiyo yaliyotutunzia samaki wa maji makubwa. Anayeniambia leo kwamba dimbwi la Mafia ni dogo mno kustahili ukurasa wa sheria, namwomba aanze kwa kunieleza habari ya Kanyaboli.

Wakati sisi hatumwoni samaki huyu, wapo wanaomwona vizuri sana. Jamaa zake wa Msumbiji na Zimbabwe wamekuwa nyota wa maabara za dunia. Nothobranchius furzeri, ambaye maisha yake katika matangi huweza kwisha ndani ya miezi michache, anatumika kuchunguza uzee wa wanadamu: jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015, na maabara za Jena, Cologne na Stanford humfuga kwa maelfu. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha mwaka 2013 vipimo vya ukuaji wa furzeri na ndugu yake kadleci, wakaonyesha kwamba huweza kupevuka wakiwa na siku 17 au 18 tu tangu kuanguliwa. Mwaka 2018 waliripoti kutoka madimbwi ya Msumbiji kwamba porini huwa wepesi zaidi, siku 14. Samaki anayepevuka kwa wiki mbili! Katika elimu ya wanyama wenye uti wa mgongo hakuna anayejulikana kumshinda. Na huyu wetu wa Mafia hakuachwa nyuma. Katika Chuo Kikuu cha Murcia, Hispania, wamechunguza jinsi mafuta ya mwili wake yanavyobadilika na jinsi mwendo wake wa usiku na mchana unavyovurugika anapozeeka. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani hutumiana mayai yake kwa posta, yakiwa yamefungwa katika mboji yenye unyevu, na juu ya bahasha huandika jina la kisiwa chetu.

Sisemi waliiba. Waliochukua samaki wa kwanza waliwachukua katika zama ambazo hapakuwa na mkataba wa kuwauliza lolote: Mkataba wa Bayoanuwai ni wa mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya kuhusu mgawanyo wa manufaa ni ya mwaka 2010. Sheria hazirudi nyuma kwa urahisi, na mimi si mtu wa kulilia fedha ambazo hazijawahi kuwepo. Ninachosema ni kingine, na kinaniuma zaidi. Uzee wa samaki wa Mafia umechorwa kwa grafu huko Hispania, ilhali halmashauri yetu haina hata orodha ya madimbwi anamoishi. Tunajua namna anavyokufa katika tangi la kioo. Hatujui dimbwi lake la nyumbani hujaa tarehe ngapi na hukauka lini.

Nilijaribu kuanza. Miaka mitatu iliyopita niliandika barua kwa ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuomba kibali cha kuchukua vipimo katika madimbwi manne. Jibu lilinifikia baada ya wiki 15, likinitaka niambatishe nakala mbili zaidi. Katika wiki hizo 15 samaki wangu walianguliwa, wakakua, wakaoana, wakazeeka, na dimbwi likawafunika. Niliambatisha nakala. Nikaanza kungoja mvua nyingine.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeyasikia yote, mengine kutoka kwa ndugu zangu wa damu.

La kwanza ni kwamba madimbwi huzaa mbu, na mbu huleta malaria, basi yafukiwe. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa nimezika watu kwa malaria. Lakini visamaki hivi hula viluwiluwi vya wadudu wa majini, wakiwemo wa mbu. Nyuma ya nyumba zetu yamejaa makopo, matairi, vifuu vya nazi na mashimo ya kifusi ambamo mbu huzaliana bila samaki hata mmoja wa kuwala. Anayefukia dimbwi lenye samaki na kuacha shimo lisilo na samaki amechagua upande wa mbu.

La pili ni maendeleo. Mnataka tukose barabara kwa sababu ya kisamaki? La hasha. Nimekulia katika kisiwa ambacho mgonjwa alisubiri maji yajae ndipo apakiwe chomboni. Sihitaji kuhubiriwa umuhimu wa barabara. Barabara yaweza kupita kando ya bonde hatua 30. Kalavati laweza kuwekwa mahali maji yanapopita badala ya mahali lilipo rahisi kujengwa. Kifusi chaweza kuchimbwa kwenye kilima. Haya yote huwezekana kwenye karatasi kabla ya tingatinga kuwasha injini, na hayawezekani baada ya hapo. Ndiyo sababu tathmini hufanywa kabla, na ndiyo sababu tathmini iliyofanywa wakati wa kiangazi ni gharama isiyo na faida.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: samaki asiyeliwa ni wa nini? Hili huniudhi kuliko yote, kwa sababu husemwa na watu wanaojivunia papa potwe wa Kilindoni, ambaye pia haliwi. Potwe hupendwa kwa kuwa mgeni hulipa kumwona. Basi thamani yetu imekuwa ama sufuria ama tiketi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza nchini, imetufundisha kuthamini matumbawe, kasa na mikoko, nami naishukuru. Lakini jina lake ni la bahari, na macho yetu yamezoea kutazama baharini. Tumesahau kwamba kisiwa kina maji ya ndani pia, yanayokuja na kuondoka.

Wapo watakaosema samaki hawezi kupotea kwa kuwa anafugwa Ulaya. Ni kweli atabaki, kama mlango wa nakshi uliong'olewa kwenye nyumba ya pwani ukapachikwa ukutani kwa tajiri. Bado ni mlango, ila hapana anayeingia wala anayetoka. Samaki wa matangini huzaliana ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi. Hulala bila kiangazi na huamka bila mvua. Hata wanasayansi wenye maabara bora hurudi porini kila wanapotaka kujua samaki hukua vipi hasa. Ndivyo walivyozipata zile siku 14. Madimbwi yakifukiwa, swali lenyewe litakuwa limefukiwa.

Ninataka nini basi? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa benki.

Kwanza, tathmini yoyote ya ardhi ya mabonde katika Mafia, Unguja na pwani ya Rufiji ifanywe mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe ndani ya masika. Mtaalamu asiyeweza kufika masika kwa sababu ya tope, achukue ndoo mbili za udongo wa bonde, azimwagie maji ya mvua, atazame. Zikitoka samaki, ana jibu. Zisipotoka, asiandike kwamba hawapo, kwa kuwa mayai mengine hukataa mwito wa kwanza.

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Dimbwi la msimu linahitaji kupewa ukingo wake katika kanuni: ukingo wa maji yanapokuwa mengi, si ukingo wa vumbi la Septemba.

Tatu, shule za kisiwa zipewe rula. Ndiyo, rula ileile. Wanafunzi wa kila kijiji waandike tarehe ambayo dimbwi lao limejaa, kina chake kila wiki, urefu wa samaki kumi waliovuliwa na kurudishwa, na tarehe ya kukauka. Kwa misimu mitatu tutakuwa na modeli ya ukuaji wa samaki wa Mafia iliyotengenezwa Mafia, na saa yake itaanza mahali panapostahili, yaani kwenye udongo mkavu.

Nne, miradi ya kufuga perege na kambale, ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, ichimbe mabwawa yake yenyewe. Asitokee mtu wa kumwaga vifaranga katika dimbwi la asili kwa kuwa halina mwenyewe. Yaliyotokea ziwani hayahitaji kurudiwa kwenye dimbwi ili tuyaamini.

Siku niliyoondoka kisiwani nilipita bondeni alfajiri kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Kifusi cha malori mawili kilikuwa kimekwisha kumwagwa upande wa mashariki, chekundu, kimerundikana kama makaburi mapya. Upande wa magharibi nyufa zilikuwa palepale. Niliinama nikachukua konzi ya udongo, nikaitazama, sikuona kitu, kama ambavyo mtaalamu hakuona kitu. Nikairudisha mahali pake, kwa kuwa sikuwa na kibali.

Masika huanza Machi. Nusu ya bonde bado ipo. Mwezi wa nne nitakuwa pale na ndoo, chandarua na rula, na yule bwana wa kutoka bara namkaribisha kwa moyo mweupe. Njia zitakuwa hazipitiki. Tutatembea kwa miguu.